Kuacha nyama ni hatua moja, kuacha maziwa na mayai ni nyingine: historia fupi kwa kaya za Dutwa



Msimu huu nimeulizwa swali moja na watu wa vijiji tofauti, na wote kwa nia njema. Kuna kaya kadhaa hapa Dutwa ambazo ziliacha nyama zamani, nyingi kwa sababu ya imani, nyingine kwa ushauri wa daktari kuhusu presha na sukari. Sasa baadhi yao wanataka kusogea mbele: waache na maziwa, mayai, samli na dagaa, wabaki na vyakula vya shambani tupu. Mmoja ananiuliza apande nini. Mwingine ananiuliza kama auze ng'ombe wake wawili wa maziwa. Mama mmoja ameniuliza kama mtoto wake wa mwaka mmoja naye aingizwe kwenye utaratibu huo.

Ningeweza kujibu kwa mistari mitano. Lakini safari hii watu wengine wameshaipita, wengine miaka mingi kabla yetu, na yaliyowapata yanajulikana. Kwa hiyo leo tutapita kwenye historia kwanza, halafu tutarudi shambani na jikoni. Sitagusa imani ya mtu. Imani ina wachungaji wake na mashehe wake. Kazi yangu ni chakula, shamba na mfuko wa kaya.

Tuelewane kwanza kwa maneno

Kuna wasiokula nyama wala samaki, lakini wanakunywa maziwa na kula mayai. Hao wengi huwaita vejeteriani. Kuna wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, samli, na wengine hata asali. Hao huitwa vegani.

Hapa kwetu kuna kundi la tatu ambalo halina jina. Ni kaya isiyochinja wala kununua nyama, lakini dagaa wa Ziwa Victoria wapo mezani mara tatu kwa wiki. Mtu wa namna hii akisema "sisi hatuli nyama", bado anapata sehemu kubwa ya faida ya mnyama kupitia dagaa. Ukitoka hapo ukaacha dagaa, maziwa na mayai kwa siku moja, umeruka hatua mbili kwa pamoja. Likumbuke hili tukifika mbele.

Usukuma ya zamani haikuwa nchi ya nyama kila siku

Vijana wengi hudhani babu zetu walikula nyama sana kwa sababu walikuwa na ng'ombe wengi. Ng'ombe alikuwa mali. Alikuwa mahari, fidia na akiba ya mwaka wa ukame. Kuchinja kulikuwa na sababu yake: msiba, harusi, mgeni mkubwa, au ng'ombe aliyevunjika mguu. Chakula cha kila siku kilikuwa ugali wa uwele au mtama, mlenda, majani ya kunde mabichi au yaliyokaushwa yaani nsansa, karanga, na viazi vitamu. Viazi vilikatwa vikakaushwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikakaushwa vikawa matobolwa. Ukiangalia orodha hiyo, karibu yote ni ya shambani.

Kilichoziba pengo kilikuwa maziwa ya mgando na samli, na kwa walio karibu na ziwa, samaki na dagaa. Havikuwa vingi kwa siku, lakini vilikuwepo, hasa kwa watoto.

Ikafika miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890 hadi 1891 na kuua ng'ombe kwa wingi ambao haujawahi kuonekana tena. Katika baadhi ya maeneo ya wafugaji, kati ya ng'ombe 10 walikufa 9. Watu hawakuchagua kuacha maziwa, maziwa ndiyo yaliyowaacha. Njaa na ndui vilifuata sehemu nyingi. Wafugaji watupu walipata shida kubwa kuliko waliokuwa wakilima na kufuga kwa pamoja, kwa kuwa mwenye shamba na ghala alikuwa na mahali pa kushika. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa hiyo vijana wengi hawaijui hata kwa jina.

Nalitaja hili kwa sababu linatupa somo la kwanza: chakula cha shambani kinaweza kumbeba mtu, lakini aliyejiandaa na aliyeshtukizwa hawabebwi sawa.

Waadventista na somo la afya

Kwa kaya nyingi za hapa, wazo la kuacha nyama lilikuja na Kanisa la Waadventista Wasabato. Wamisionari wao wa kwanza, Wajerumani, walifika Upare mwaka 1903. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wamefika kanda ya ziwa, Majita na kwingineko, na kazi yao ikaingia hadi nchi ya Ntuzu na Kanadi, yaani eneo letu hili la Bariadi na Itilima ya leo.

Somo la afya walilokuja nalo lilianzia Marekani. Kanisa hilo liliundwa rasmi mwaka 1863 katika jimbo la Michigan, na mwaka huohuo Ellen White, mmoja wa waasisi wake, akaanza kufundisha juu ya chakula, maji safi, hewa, mapumziko na kuacha tumbaku na pombe. Nyama ilikuwa sehemu tu ya somo hilo. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: yeye mwenyewe hakuacha nyama kabisa siku aliyoanza kufundisha. Kulikuwa na safari, umaskini wa baadhi ya miaka, na mazingira magumu. Aliiondoa moja kwa moja mezani kwake mwaka 1894, akiwa Australia. Hesabu mwenyewe: ni miaka 31.

Kwenye mji wa Battle Creek, Michigan, kanisa lilikuwa na hospitali kubwa chini ya Dk. John Harvey Kellogg. Huyu hakuishia kuwaambia wagonjwa waache nyama. Alitafuta cha kuweka mahali pake. Mwaka 1895 aliomba hataza ya siagi iliyotengenezwa kwa kusaga karanga na jamii zake. Karanga hizihizi unazolima kwenye luseni. Daktari alijua kwamba ukimwondolea mtu kitu sahanini bila kumwekea kingine, hujamsaidia.

Daktari aliyeugua kwa bidii yake

Kisa kinachofuata ndicho ningependa kila anayefikiria kuacha maziwa na mayai akisome.

Dk. Daniel Kress alikuwa tabibu Mwadventista aliyetumwa Australia karibu mwaka 1900. Alikuwa mtu wa msimamo. Nyama alikwisha kuacha. Akaacha na maziwa, mayai na siagi. Hakuwa mvivu wala mjinga wa mambo ya mwili, alikuwa daktari. Baada ya muda akaanza kuishiwa damu, nguvu zikamwisha, akakaribia kufa.

Mwaka 1901 Ellen White alimwandikia barua. Mtu angetegemea apongezwe kwa msimamo wake. Badala yake alionywa asiende kupita kiasi, akaelekezwa atafute mayai ya kuku wenye afya na kuyatumia, hata mabichi katika maji ya zabibu. Kress alitii, akarudisha mayai na maziwa, akapona. Aliishi hadi mwaka 1956, akiwa amepita miaka 90.

Miaka minne baada ya barua ile, mwaka 1905, kitabu cha Ellen White juu ya afya kilichapishwa, na humo akasisitiza kwamba mahali ambapo watu ni maskini na vyakula mbadala havipatikani, wasilazimishwe kuacha maziwa na mayai. Kwa hiyo, ndugu Msabato unayeniuliza kama kuendelea kunywa maziwa ni udhaifu, jibu la historia ya kanisa lako mwenyewe linajitosheleza.

Mwaka 1901 hakuna aliyejua kwa nini Kress aliishiwa damu. Jibu lilichukua karibu miaka 50 kupatikana. Tutalifikia.

Gandhi na maziwa ya mbuzi

Mtu wa pili ni Mohandas Gandhi, ambaye mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alizaliwa katika familia isiyokula nyama, huko Gujarat, India. Kwao maziwa na samli vilikuwa chakula kikuu, kama ilivyo kwa Wahindi wengi wasiokula nyama.

Akiwa Afrika Kusini, mwaka 1912, aliapa kuacha maziwa. Sababu zake zilikuwa mbili: nidhamu ya mwili, na uchungu juu ya ukatili waliokuwa wakitendewa ng'ombe na nyati wa maziwa huko India. Alikaa hivyo miaka kadhaa, akila matunda na karanga kwa wingi.

Mwaka 1918, akiwa amerudi India, aliugua tumbo la kuhara damu, akadhoofika mpaka akadhani anakufa. Madaktari walimwambia bila maziwa mwili hautajengeka. Akakataa kwa sababu ya kiapo. Mkewe, Kasturba, ndiye aliyepata njia: kiapo kilihusu maziwa ya ng'ombe na nyati, mbuzi hakutajwa. Gandhi akakubali maziwa ya mbuzi, akapata nafuu, na akaendelea kuyanywa hadi kifo chake mwaka 1948. Aliandika mwenyewe kwamba jambo hilo lilimsumbua moyoni, kwa kuwa alishika maneno ya kiapo akavunja nia yake. Alitafuta miaka mingi chakula cha mimea kitakachoshika nafasi ya maziwa, hakukipata.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba alisema ukweli hadharani. Angeweza kunywa kwa siri. Wapo wanaokula hivyo leo, mchana wanashindana na jirani, usiku wanafunua chungu. Ukiwa na shida sema, utasaidiwa.

Mwalimu wa useremala, na siri ya damu

Huko Uingereza chama cha wasiokula nyama kiliundwa mwaka 1847. Karibu miaka 100 baadaye wachache ndani yake wakasema: ng'ombe wa maziwa naye huishia machinjioni, na ndama dume huondolewa mapema, kwa hiyo kuacha nyama na kubaki na maziwa ni kusimama nusu ya njia. Mwezi Novemba 1944 walianzisha chama chao. Aliyeongoza ni Donald Watson, mwalimu wa useremala ambaye utotoni aliona nguruwe akichinjwa shambani kwa mjomba wake, na kilio kile hakikumtoka. Neno vegan walilitengeneza kwa herufi tatu za mwanzo na mbili za mwisho za neno vegetarian. Watson aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2005 akiwa na miaka 95. Kwa hiyo anayesema haiwezekani kabisa, amekosea.

Lakini si wote waliokuwa na bahati yake. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza waliwachunguza watu wa kundi hilo na kukuta baadhi yao wana ulimi unaouma, ganzi ya mikono na miguu, na udhaifu wa neva. Safari hii sababu ilikuwa inajulikana.

Mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wa upungufu mbaya wa damu wanapona wakila maini kwa wingi kila siku. Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani na Uingereza, kila upande kivyake, wakakitenga kile kitu kilichokuwa ndani ya maini: vitamini B12.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo moyo wa makala hii ulipo. Vitamini B12 haitengenezwi na mmea wowote, wala haitengenezwi na mnyama. Inatengenezwa na vijidudu vidogo, bakteria. Ng'ombe na mbuzi wanao bakteria hao tumboni, kwenye lile tumbo kubwa la kucheua. Ndiyo maana anakula nyasi tupu na bado nyama na maziwa yake yana B12. Wewe huna tumbo hilo. Mchicha hauna B12, dengu hazina, mlonge hauna, karanga hazina, hata zikiwa zimelimwa kwa samadi.

Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya B12 kwenye ini, na akiba hiyo inaweza kudumu miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuacha maziwa na mayai mwaka wa kwanza akajisikia mwepesi, mwaka wa pili akawashuhudia wengine, na mwaka wa nne akaanza kupata ganzi miguuni. Hapo atatafuta mchawi, kumbe akiba imeisha ghalani. Ganzi ikikaa sana bila tiba, uharibifu wa neva huweza kubaki wa kudumu.

Mtoto mchanga hana akiba hiyo. Anategemea aliyopewa na mama tumboni na anayonyonya. Mama asiye nayo hana cha kumpa.

Wahabeshi: mwaka una siku za mfungo na siku za maziwa

Tusiangalie Ulaya tu. Hapa Afrika Mashariki wapo mamilioni ya watu wanaokula chakula cha mimea tupu kwa siku nyingi za mwaka, na wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Ni Wakristo wa Kanisa la Orthodox la Ethiopia, kanisa lililoingia katika ufalme wa Aksum karne ya 4 wakati wa mfalme Ezana. Siku za mfungo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Wanafunga Jumatano na Ijumaa, wanafunga Kwaresima ya siku 55, na mifungo mingine.

Ethiopia ndiyo nchi yenye ng'ombe wengi kuliko zote Afrika. Hawafungi kwa kukosa. Na wamejenga mapishi yao kwa ajili hiyo: mchuzi mzito wa unga wa dengu au kunde uitwao shiro, mchuzi wa adesi, mboga za majani, mafuta ya mbegu, vyote vikiliwa na injera ya tefu iliyochachushwa. Chakula cha mfungo kwao ni kitamu, mtu hakioni kama adhabu.

Angalia mambo mawili. La kwanza, mfungo una mwisho. Pasaka ikifika maziwa, mayai na nyama vinarudi, akiba ya mwili inajazwa. La pili, watoto wadogo, wagonjwa na wajawazito kwa desturi huruhusiwa kutofunga. Watu wa zamani hawakuijua B12, lakini walijua nani asibebeshwe mzigo.

Kwako mfanyabiashara: msimu wa mfungo unapoanza kule, uhitaji wa maziwa hushuka na uhitaji wa mikunde hupanda. Imani ya watu ni sehemu ya soko.

Wasiokula nyama wa India na bei ya dengu zako

Mkulima wa mbuga za Dutwa anapanda dengu mvua zikielekea mwisho, zinakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Nani anazila? Kwa sehemu kubwa ni India, nchi yenye watu wengi wasiokula nyama kuliko nyingine duniani. Wao ndio wazalishaji na walaji wakubwa wa mikunde, na pia ndio wazalishaji wakubwa wa maziwa. Dengu na maziwa kwao vinakwenda pamoja.

Sasa kumbuka yaliyotokea. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kutoka nje, tani 200,000. Desemba 2017 ikaweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu, na kufikia Machi 2018 ushuru ukawa asilimia 60. Wakulima wa mbaazi nchini waliona bei ikianguka hadi wengine wakaacha mazao shambani. Mwezi Mei 2024 India ikaondoa ushuru wa dengu baada ya mavuno yao kupungua, na hali ikabadilika tena.

Somo ni kwamba zao ambalo sisi wenyewe hatuli, bei yake inapangwa na mtu mwingine. Dengu tunalima, lakini ni kaya ngapi za Dutwa zinazipika? Kama kaya zinazoacha nyama zingejifunza kupika dengu na choroko zake badala ya kuuza gunia lote na kununua kabichi, zingepata protini nyumbani na pa kujishikiza bei inapoanguka. Acha gunia moja la nyumbani kabla lori halijafika.

Basi tufanye nini hapa Dutwa?

Nimegawa ushauri kwa watu, maana jibu si moja.

*Mtoto chini ya miaka mitano.* Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama tu, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi akipewa na chakula. Usimwondolee maziwa, mayai na dagaa kwa sababu wewe umeamua. Uji wa mahindi mtupu umeleta kwashakoo kwa watoto wengi wa Afrika. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo miaka ya 1930 akiwa Gold Coast, Ghana ya leo, na jina lenyewe ni la kabila la huko, kuhusu mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake alipozaliwa. Uamuzi wa mtu mzima ni wake. Mtoto ni dhamana.

*Mjamzito na anayenyonyesha.* Baki na mayai na maziwa. Kama imani yako haikuruhusu kabisa, mweleze nesi kliniki mapema, hudhurio la kwanza, usisubiri kuanguka.

*Mtu mzima mwenye afya anayetaka kuacha vyote.* Inawezekana, lakini fanya hivi:

1. Usiruke. Kama Ellen White alichukua miaka 31 kwa nyama peke yake, wewe chukua hata miezi michache. Ongeza mikunde kwanza, ndipo upunguze maziwa.
2. Panga B12 kabla ya siku ya kwanza. Uliza kituo cha afya au duka la dawa lenye mtaalamu juu ya vidonge. Unga wa viwandani ulioongezewa virutubishi unaweza kuwa na B12, soma pakiti. Unga wa mashine ya kijijini haujaongezewa kitu.
3. Kila siku ugali wako uwe na mkunde: dengu, choroko, kunde, maharage au karanga. Nafaka na mkunde hukamilishana protini. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka zilainike. Soya usiitumie mbichi kwenye unga wa lishe, ichemshe au ikaange kwanza.
4. Kwa madini ya chuma, kula mboga pamoja na limao, ukwaju, nyanya au pera. Chai ya rangi ikae mbali na mlo, angalau saa moja.
5. Kwa mifupa, tumia ufuta, majani ya kunde, kisamvu na mikunde. Utafiti wa Oxford, Uingereza, uliotolewa mwaka 2020, uliona wasiotumia chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi kuliko wanaokula nyama, na sehemu ya sababu ilihusishwa na kalisi na protini kidogo.
6. Panda viazi lishe vya rangi ya chungwa kwa ajili ya vitamini A. Michembe yake ikaushwe kivulini, jua kali huipunguza.
7. Karanga na mahindi yakiwa ndiyo chakula kikuu, sumukuvu inakuwa hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa nafaka zenye sumukuvu. Anika juu ya turubai, chambua zilizokunjamana na zenye ukungu, hifadhi zikiwa kavu. Zilizochambuliwa usimpe kuku wala usizisage siagi.

*Dalili za kwenda hospitali:* uchovu usioisha, ulimi kuuma na kuwa mwekundu, ganzi au kuchomachoma miguuni, kusahau sana, kuyumba ukitembea. Mwambie daktari wazi kwamba hutumii maziwa, mayai wala nyama. Bila kumwambia anaweza kutibu malaria mara tatu.

*Ng'ombe.* Kwa aliyeniuliza auze ng'ombe wake wawili: usiuze mwaka huu. Maziwa usiyokunywa wewe atakunywa mjukuu, jirani atanunua, na samadi inahitajika kwenye luseni inayochoka. Ukiamua baada ya kujaribu mwaka mzima, uza ng'ombe akiwa na afya na bei ikiwa nzuri, usiuze kiangazi cha njaa. Wanaobaki na mayai, chanjeni kuku dhidi ya kideri kwa matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu, maana kuku wakifa wote Agosti, mmeingia kwenye uvegani bila kupenda, kama wale wa sotoka.

Mwisho

Watu niliowataja walikuwa na sababu njema, iwe imani, huruma kwa mnyama au afya. Walioumia waliumia kwa sababu waliondoa kitu bila kujua kilikuwa kinawapa nini. Waliofaulu ama waliweka kingine mahali pake, ama waliacha mlango wa kurudi. Sisi tuna bahati, kwa kuwa kilichomlaza Dk. Kress kitandani leo kinajulikana kwa jina, na kinapatikana kwenye kidonge.

Mwenye swali la mbegu za dengu, choroko na viazi lishe anikute ofisini au siku ya gulio. Mwenye mtoto au mjamzito, aanzie kliniki kabla ya kuja kwangu.

Kazi njema.